Yule Aliyetangulia

Bomba la kijiji liliharibika wiki tuliyomzika baba, kwa hiyo maji tukawa tunateka kwenye chemchemi kule chini, penye mafunjo. Mama alinikataza kwenda huko jua likielekea kuzama. Hakusema sababu. Lakini mama alikuwa akirauka kwenda Malaba kuwauzia madereva wa malori chai na chapati, na akirudi giza limeshaingia. Jioni moja nilitoka shambani nikakuta jerikeni tupu na chakula hakijapikwa.

Nikateremka.

Naitwa Nerima. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilikulia Busia, upande wa Kenya, na hapa Kisoko, ng'ambo ya mpaka, palikuwa kwetu kwa jina tu. Baba alipofariki tulimleta kumzika, na baada ya matanga mama akasema haturudi tena Busia. Watoto wa majirani walinisalimia kwa mbali. Waliongea Kidhopadhola, nami nilikisikia nusu nusu. Rafiki yangu Cate alibaki kule. Nikitaka kumpigia simu ilinibidi nipande juu ya kichuguu nyuma ya nyumba ili nipate mtandao. Kuna siku zilipita bila mimi kutamka neno kwa mtu yeyote.

Chemchemini palikuwa kimya. Hata vyura hawakulia. Niliinama nikazamisha jerikeni. Glu... glu... glu...

Halafu ikaja harufu. Maziwa. Maziwa ya mama anayenyonyesha, yaliyochachia kwenye nguo.

"Adongo," mtu akaita.

Sikugeuka. Si jina langu. Adongo ni jina la pacha, yule anayezaliwa wa pili.

"Adongo... umechelewa."

Msichana alikuwa amesimama katikati ya mafunjo, maji yakimfika magotini. Alijitanda leso hadi usoni. Sauti yake niliijua, lakini sikukumbuka niliisikia wapi. Baadaye ndipo nilipong'amua. Ilikuwa sauti yangu mwenyewe, kama ninavyoisikia nikijirekodi kwenye simu.

"Mimi si Adongo. Naitwa Nerima."

"Haya," alinong'ona. "Kaa kidogo, Nerima. Huku sina mtu."

Ningekimbia. Lakini tangu tumzike baba hakuna aliyekuwa ameniambia nikae.

Nikakaa.

Kesho yake nilirudi. Na keshokutwa yake. Hakuuliza habari zangu hata mara moja. Aliuliza habari za mama. Mikono yake ni laini au ina sugu? Huimba akipika? Usiku akilala, humgeukia nani? Nilimjibu yote, nikifurahi kuwa na mtu wa kuniuliza. Na kila mara, kabla sijaondoka, alisema, "Njoo karibu kidogo." Siku ya kwanza nilitia vidole vya miguu tu. Baadaye maji yakanifika kwenye mashavu ya miguu, na sikukumbuka nilivyoingia.

Juu ya kichuguu nilimhadithia Cate.

"Huyo dem anaitwa nani?" akauliza.

"Sijamuuliza."

"Siku zote hizo? Na anakaa aje, usoni?"

Nikachimba udongo wa kichuguu kwa kidole cha mguu.

"Neri. Uso wake uko aje?"

"Sijauona."

"Nakuja Jumamosi," Cate akasema. "Usiende huko tena mpaka nifike."

Alifika kwa bodaboda, mkate mkononi, vumbi hadi kwenye nyusi. Tulicheka siku nzima. Nilikuwa nimesahau jinsi mbavu zinavyouma kwa kucheka. Jioni tuliingia jikoni, yeye akakaa kukata mboga ya sukuma, mimi nikachochea moto.

Hapo nikasikia jina lile. Halikutoka mbali. Lilikuwa kama limetamkwa na mtu aliyekaa kati yetu.

Cate hakuinua kichwa.

Nikatoka. Sikubeba jerikeni. Sikuvaa hata ndala. Nilipopata akili maji yalikuwa kiunoni, na msichana yule alikuwa mbele yangu. Harufu ya maziwa ilinijaa puani.

Akaiondoa leso.

Ulikuwa uso wangu. Ila uso ule haukuwahi kupigwa na jua.

"Twende," alisema, akanishika mikono yote miwili. "Huku ni baridi kwa mtu mmoja."

"Nerima!"

Cate alikuwa amesimama ukingoni, kisu cha sukuma bado mkononi.

Tuligeuka.

Sote wawili.

"Abee," tukaitika. Sote wawili.

Kisu kikamtoka Cate. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akarudi kwa wa kwanza. Niliona wazi kwamba hajui mimi ni yupi.

"Neri," alisema, "nipe ishara. Sema kitu."

Nilifungua kinywa. Nikasema, "Ni mimi, Cate."

Maneno yakatoka kinywani mwa yule mwingine.

Akatabasamu, akamnyooshea Cate mkono. Mimi sikuwa na sauti tena. Nililia tu, nikiwa nimesimama pale majini, kama mtoto aliyepotea sokoni. Nilimwona Cate akiingia. Alimpita yule mwenye kutabasamu, akanikamata mimi kifundo cha mkono, akanivuta. Tulianguka kwenye tope, tukatambaa, tukakimbia.

Nyumbani nilimuuliza alijuaje.

"Mmoja alikuwa analia," alisema. "Mwingine alikuwa anaangalia hayo machozi kama kitu hajawahi kuona."

Mama alipofika, Cate ndiye aliyemwambia. Hakuzungusha. "Mama Nerima, kuna msichana huko chini ana uso wa Nerima, na anamwita Adongo."

Mama aliketi chini, kikapu kikiwa bado kichwani. Ilibidi nimtue.

"Mlikuwa wawili," alisema mwishowe. "Apio alikutangulia. Alinyonya siku chache, akanyamaza. Na pacha hafi. Watasema ameruka, kama ndege. Ni mwiko kumlilia, ukimlilia anamvuta mwenzake. Baba yako akamtia kwenye chungu, akampeleka huko majini. Mimi niko kitandani, maziwa yananitoka, na chozi nimekatazwa. Tukahama. Nikakupa jina la msimu wa kulima, ili mtu asijue ulikuja na nani."

Alinitazama. Nilitegemea aniulize kama nimeumia.

"Amekuwa mrefu?" akauliza.

"Kama mimi, Mama."

Hapo mama akalia. Sijawahi kusikia mtu akilia vile, hata siku ya baba. Cate alinishika mkono hadi alfajiri, nasi tukaamini kwamba yale machozi ndiyo yaliyokuwa yakisubiriwa. Kwamba sasa yamekwisha.

Jumapili Cate alirudi Busia. Mama yake alipopata habari alimkataza kuja, halafu akamkataza hata kunipigia. Mafundi wakaja, wakatengeneza bomba. Sijakanyaga chemchemini tangu siku ile.

Lakini mama ameacha kwenda Malaba. Mchana analala. Jua likianza kushuka anajipaka mafuta, anachukua jerikeni, anapita bomba lenye maji na kuteremka. Anarudi na jerikeni tupu. Haniiti Nerima siku hizi. Ananiita Adongo, kwa upole, kama mtu anayeita akiwaza mengine.

Jana nilipanda kichuguu kujaribu kumpigia Cate. Simu iliita hadi ikakatika. Upepo ulitoka upande wa mafunjo, ukaniletea sauti ya mama akibembeleza mtoto kwa wimbo. Kisha akacheka. Kicheko chepesi, cha msichana. Mama hajawahi kucheka hivyo nikiwa naye.

Halafu akauliza, kama unavyomuuliza mtoto anayedeka:

"Na mwenzako... unataka nimlete lini?"

Jibu sikulisikia.

Niliingia ndani nikafunga komeo. Nikakaa kitandani. Giza likaja. Kisha nikasikia maji yakidondoka kizingitini. To... to... to...

"Adongo. Fungua, mwanangu."

"Mama," nikasema, "uko peke yako?"

To... to...

"Fungua," mama akasema. "Huku nje ni baridi."

Nilifungua. Ningefanya nini? Sina mtu mwingine duniani.

Mama aliingia, nguo zimemganda mwilini. Alinipita, akainama kuwasha moto, akaanza kuimba chini chini. Mlango hakuufunga. Aliuacha wazi, kama unavyomwachia mtu anayekuja nyuma yako.