Sitaweza, Naogopa Watu

"Na wewe dada, unasoma nini?"

"Anasoma ualimu wa hisabati, mwaka wa pili," Wakili akajibu.

Mwenyekiti wa klabu ya kujitolea akaweka kalamu mezani. Alikuwa msichana wa mwaka wa mwisho, mwembamba, mwenye miwani na uso usiopenda mzaha.

"Kaka, nimemuuliza yeye."

Wakili akacheka. "Huyu tunamwita Mpole. Mimi ndiye msemaji wake."

Mpole akainama, akatia sahihi pale kidole cha Wakili kilipoonyesha. Hakuona ubaya wowote. Mwaka mzima na ushei walikuwa wakiishi hivyo.

Ilianza siku ya kuwakaribisha wanafunzi wapya. Kila mgeni alipewa kipaza sauti ajitambulishe. Zamu ya Mpole ilipofika, kigugumizi kikamkaba kwenye neno la kwanza, na ukumbi ukaangua kicheko. Kijana wa mwaka wa tatu wa sheria, aliyekuwa akiongoza shughuli na ambaye wenzake walishamwita Wakili, akakichukua kipaza sauti taratibu, akamnong'oneza, "Niambie mimi, nitawaambia wao." Kuanzia siku hiyo Mpole alimpenda mpaka akachanganyikiwa. Wakili akamsemea kwa wahadhiri, akamsemea dukani, akamsemea hata kwa mama yake kwenye simu.

Hata klabuni alimwandikisha yeye. Alisema ofisi za mawakili siku hizi zinauliza mtu amejitolea wapi.

Kazi yenyewe ilikuwa kuwafundisha kusoma na kuandika wafanyakazi wa chuo ambao hawakupata shule: wafagiaji, wapishi, watunza bustani. Walikutana kila Jumatano saa tisa alasiri, katika chumba cha nyuma ya maktaba kilichojaa viti vibovu. Wakili alikwenda mara mbili, akapiga picha za kutosha, akasema masomo yamembana. Mpole akabaki peke yake mbele ya watu wazima kumi na mmoja.

Alisimama ubaoni kama dakika tano, chaki ikimlowa jasho mkononi.

"Mwalimu," akasema mama mmoja wa mstari wa mbele. Ndiye aliyesafisha bweni la wasichana, na wote walimwita Shangazi. "Sisi ndio hatujui kusoma. Mbona unayetetemeka ni wewe?"

"Na-na-naogopa."

"Unaniogopa mimi, niliyekuzibulia choo juzi?"

Chumba kizima kikacheka, na Mpole akajikuta naye anacheka. Akaandika herufi ya kwanza. Neno likakwama, lingine nalo likakwama, lakini hakuna aliyemmalizia. Walingoja tu, kalamu mkononi, bila haraka. Tangu azaliwe alikuwa hajawahi kungojwa namna ile.

Wiki zikageuka miezi. Mtunza bustani akaandika jina la mkewe, akalikunja mfukoni kama hati ya nyumba. Shangazi akaanza kujisomea ujumbe wa simu aliokuwa akisomewa na mke wa mwanawe.

"Kumbe mwanangu ananisalimia kila siku," akasema. "Mkwe wangu alikuwa ananisomea salamu za Ijumaa tu."

Mpole alicheka hadi akakaa chini. Kigugumizi chake kilikuwa palepale, ila sasa hakikumzuia tena kufungua mdomo.

Jumapili moja mchana walikaa mkahawani na Wakili. Mhudumu akaja.

"Yeye mletee wali na samaki," Wakili akaanza.

"Sa-samahani," Mpole akamwambia mhudumu. "Leo nataka viazi na mayai."

Mhudumu akaandika, akaenda zake. Wakili akaikunja leso ya karatasi mara nne.

"Siku hizi unaongea sana."

"Ni vibaya?"

"Sijasema vibaya. Umebadilika tu."

"Si ufurahi basi."

"Nimefurahi," akasema, na uso wake ukakataa.

Mpole akainuka kwenda kunawa mikono. Aliporudi chakula kilikuwa tayari, na Wakili akawa mchangamfu kupita kiasi, akamtania, akamwekea chumvi. Mpole akaona kisirani kimekwisha.

Mwezi mmoja baadaye Mwenyekiti alimkuta akifuta ubao, wanafunzi wameshaondoka.

"Mdogo wangu, nina swali. Usinichukie. Kwa nini ulikataa?"

"Nilikataa nini?"

"Uenyekiti. Mimi namaliza mwaka huu, na wanachama wote walikutaka wewe. Nilikuandikia."

"Si-sijapata ujumbe wowote."

Mwenyekiti akatoa simu yake, akamwonyesha. Ujumbe wake ulikuwepo, na chini yake jibu lililotoka kwenye namba ya Mpole, Jumapili ile, saa saba na dakika ishirini mchana:

"Asante dada, lakini sitaweza, naogopa watu. Mimi nina kigugumizi. Hata mama yangu alikuwa ananificha chumbani wageni wakija. Naomba tusiliongelee tena."

Mpole akausoma mara mbili. Simu yake aliiacha mezani, kwenye ule mkahawa. Namba ya siri Wakili aliijua. Lakini kilichomchoma zaidi ni ile habari ya mama. Hiyo alimwambia mtu mmoja tu maishani mwake, akilia, kichwa kikiwa kifuani pa mtu huyo.

"Na nafasi yenyewe?"

"Imeshatangazwa juzi. Tumempa mwingine." Mwenyekiti akamshika bega. "Samahani. Nilipaswa kuja kukuuliza ana kwa ana."

Wakili alikuwa kwenye benchi nje ya kitivo cha sheria, vitabu vimemzunguka. Alipomwona akatabasamu. Alipouona uso wake vizuri, tabasamu likakatika.

"Ulinijibia," Mpole akasema.

"Kukujibia wapi?"

"Kwa Mwenyekiti. Uka-ukafuta na ujumbe."

Wakili akafunga kitabu polepole. "Nilikuwa nakulinda. Wangekusimamisha mbele ya vyuo vyote, wakucheke tena. Mimi nilikuwepo siku ile. Unakumbuka ulivyolia?"

"Si-si-si..."

"Sikusahau?"

"Usinimalizie."

Mpole akashindana na neno lake mpaka likatoka. "Sikukutuma. Na ya mama je? Ile nayo ilikuwa kunilinda?"

Wakili akatazama viatu vyake. Alipofungua mdomo, sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Niliogopa. Kila Jumatano ulikuwa unarudi na maneno mapya. Nikajiuliza, akishajua kujisemea, atanitakia nini?"

"Ulidhani nilikupenda kwa sababu ya mdomo wako?"

"Sasa nina nini kingine?"

Mpole alitamani kumkumbatia. Mikono ilishanyanyuka nusu. Akairudisha, akageuka, akaenda zake akipishana na watu asiowaona.

Jumatano iliyofuata alianza kufundisha, chozi likamdondokea daftarini.

"Mwalimu, kaa," Shangazi akasema. "Leo hatuna haraka na herufi. Lia kwanza."

Akalia. Walimngoja, kama walivyozoea kungoja maneno yake.

Wakili alituma ujumbe kwa siku kumi na nne. "Nisamehe." "Nimemwambia Mwenyekiti ukweli wote." "Sili." Siku ya kumi na tano akapiga, na Mpole akapokea.

"Nipe nafasi moja," Wakili akasema.

"Nimekusamehe. Ku-kurudi, hapana."

"Hunipendi tena?"

Neno likamkwama Mpole, na safari hii Wakili akangoja.

"Nakupenda," akasema. "Hapa nimefunga mlango mwenzangu wa chumbani asinione nikilia. Lakini kila nikishika simu yangu naangalia kwanza kama kuna jambo nimelisema bila mimi kujua. Si-siwezi kuishi hivyo na mtu ninayelala nikimwamini."

"Nitabadilika. Nitakungoja."

"Usiningoje."

Alisikia pumzi yake upande wa pili, nzito, inakatika. Kisha simu ikakatwa, hakujua na nani kati yao.

Mitihani ya mwisho ikaja, ikapita. Jumatano moja, akiwa ubaoni, Mpole alitazama dirishani akaona gari limesimama nje ya bweni la wavulana. Wakili alikuwa anapakia masanduku, akisaidiwa na baba yake. Akainua macho kuelekea maktaba. Wakaonana.

Hakupunga. Mpole naye hakupunga. Baba mtu akamwita, akaingia, mlango ukafungwa, gari likazunguka kona.

"Mwalimu," mtunza bustani akauliza kwa upole, "leo tarehe ngapi?"

Mpole akageukia ubao, akaandika tarehe, mstari ukapanda, ukashuka. Nyuma yake watu kumi na mmoja wakainamia madaftari yao, wakainakili vilevile, imepinda.