Mwanamke wa Marumaru

Harufu ya majivu yaliyoloa ilianza mwezi wa Agosti, kutoka kwenye meko ambayo wao hawakuwa wameyawasha hata mara moja.

Nyumba ilikuwa Missouri City, Texas, na meko yalichukua ukuta mzima wa sebule. Modestus aliyapata kwa watu waliobomoa jumba la kitajiri. Walimwambia yalichongwa Ulaya, karne mbili nyuma. Marumaru nyeupe, mizabibu huku na huku, na katikati mwanamke aliyepakata watoto wawili.

Siku yalipofungwa, mkewe Bertila aliona masizi ya zamani ndani. Akachemsha birika, akamwaga maji yote mle. Kwao Tanga bibi yake asingethubutu. Huko humwagi maji ya moto mpaka useme, "Hodi, wenyewe, pisheni," kwani hujui nani amelaza mtoto wake hapo. Bertila alikumbuka jambo hilo birika likiwa tayari tupu.

Kesho yake nyuso za watoto wale wa marumaru zilikuwa zimefutika, laini kama sabuni iliyotumika.

"Umesugulia kemikali gani?" Modestus aliuliza.

"Maji tu."

"Basi tumeuziwa feki. Na usinitajie majini, mama Queen. Kwa joto hili la Texas, jini gani atakaa?"

Jumatatu utani ulimwisha. Saa kumi alasiri, saa ileile ya birika, binti yao Queen, mwenye miaka sita, alitoka malengelenge kwenye kiganja cha kushoto. Jumanne yalifika kiwiko. Jumatano, bega. Mwalimu alipomuuliza, Queen alijibu, "Ni maji ya mama." Jioni mwanamke wa ustawi wa watoto akapiga simu: angekuja Ijumaa, na kama mtoto anaunguzwa, angeondoka naye.

Alhamisi Bi Mwanahawa, mganga wa Kitanga anayeishi Arlington, alikaa mbele ya meko, akanusa, akainamisha kichwa kama anayemsikiliza yule mwanamke wa marumaru.

"Mpe udi, mpe halua," Bertila alinong'ona.

"Hataki. Anasema ulijua."

"Nilisahau, bibi."

"Anasema mama hasahau."

"Anataka nini?"

"Ulichompa."

Bertila akachemsha birika, akapiga magoti, akasema hodi kwa sauti iliyokuwa ikikatika, na harufu ya majivu ikampanda puani mpaka machozi yakamtoka, na ndani ya dohani kitu kikawa kinapumua taratibu, kikingoja, naye akaunyoosha mkono wake wa kushoto na kuumwagia maji mpaka tone la mwisho. Nyuma yake, Queen akaacha kulia. Ngozi ya mtoto ilikuwa nzima.

Ijumaa mgeni alimkagua Queen, hakuona kovu, akaomba radhi. Akautazama mkono wa Bertila uliofungwa bandeji.

"Jikoni," Bertila alisema.

Gari lilipoondoka, Bertila aliyatazama meko. Mtoto mmoja wa marumaru alikuwa amerudishiwa uso. Wa pili bado.

Saa ya ukutani ilikaribia kumi.

"Mama," Queen alisema, akijikuna kiganja cha kulia, "yule mama anasema walikuwa wawili."

Bertila alikwenda jikoni akajaza birika, akilishika kwa mkono wenye bandeji, kwani ule mzima ulikuwa na kazi yake.