Dira Haikuwa na Kosa

Kila Jumamosi asubuhi, Shangazi aliizunguka ndege yake ndogo akiikagua kama mteja asiyemwamini muuzaji. Alitikisa bawa, akachungulia tangi la mafuta, akapapasa magurudumu. Nyuma yake alimfuata mtoto wa kaka yake, msichana wa miaka kumi na miwili, akiwa na ndoo na kitambaa cha kufutia vioo. Malipo ya kazi hiyo yalikuwa kiti cha kulia, kando ya rubani, siku ambazo ndege ilibeba mizigo tu. Kwa ajili ya kiti hicho msichana angekubali kufuta vioo vya ndege zote uwanjani.

Mtu mmoja tu alimharibia Jumamosi zake, naye ni fundi wa ndege. Alikuwa mzee wa maneno machache, na yote machungu. Alimwita msichana Kidole, kwa kuwa hapakuwa na kitu asichokigusa, na jina likamganda hadi Shangazi naye akalichukua. Ijumaa moja Fundi alimfukuza kutoka banda la ndege mbele ya wanafunzi wake wa ufundi. "Toka, Kidole," alimwambia. "Hapa si mahali pa kuchezea." Wanafunzi wakacheka. Kidole alitoka machozi yakimlengalenga, akimchukia mzee yule kutoka moyoni.

Kwa hasira hizo alipanda peke yake kwenye ndege ya Shangazi iliyoegeshwa nje, akawasha kifaa cha GPS. Hicho ndicho kilichomwonyesha rubani njia. Kilikuwa na kioo kidogo chenye ramani, na juu yake mstari wa zambarau ulitoka pale ndege ilipo hadi inakokwenda. Kiwanja cha zahanati ya mbali, ambako Shangazi alipeleka chanjo, hakikuwemo kwenye ramani hiyo. Shangazi mwenyewe alikiingiza kwa namba zinazoonyesha mahali kilipo, siku aliyotua huko mara ya kwanza. Kidole alizifungua namba hizo. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, nne ikawa saba. Kabla hajairudisha, akasikia viatu vya Fundi vikija. Kwa papara akabonyeza kitufe cha kuhifadhi, akazima kifaa, akateremka na kujiondokea kama hajui lolote.

Kesho yake, siku ya kupeleka chanjo, ilianza kwa ugomvi.

"Umefungua dira yangu bila kuniuliza?" Shangazi alimkabili Fundi.

"Ilikuwa imelegea. Nimeikaza, nimeipima, iko sawa."

"Ndege ni yangu, Fundi."

"Na ikianguka, atakayeulizwa ni mimi," Fundi akajibu, akampa mgongo.

Shangazi alipanda ndegeni akabamiza mlango. Kwa kawaida, kabla ya kuruka, alisoma kwa sauti mwelekeo ulioonyeshwa na GPS, na Kidole akaulinganisha na karatasi ya safari. Siku hiyo alikuwa bado anamsema Fundi, na hakusoma chochote. Kidole, aliyekuwa akimwomba Mungu asisome, akashusha pumzi.

Angani kulikuwa na ukungu wa vumbi. Ukitazama chini uliona mashamba, ukitazama mbele huoni kitu. Shangazi aliufuata mstari wa zambarau, kisha akaitupia dira jicho na kukunja uso.

"Dira inasema nyuzi sitini na tano," sauti yake ilisikika kwenye hedifoni. "Njia hii siku zote ni arobaini. Nilijua tu. Yule mzee ameniharibia dira."

"Sasa tutafanyaje, Shangazi?"

"Tutafuata GPS. Hii haina kiburi. Na tukirudi natafuta fundi mwingine. Huyu leo ndiyo mwisho wake."

Tusimpambe Kidole. Jambo la kwanza alilolihisi lilikuwa raha. Alimwona Fundi akifungasha spana zake na kuondoka bandani kichwa chini, na picha hiyo ikampendeza. Lakini raha haikudumu, kwani alikumbuka kilichokuwa upande wa kulia wa njia yao. Kulikuwa na milima mirefu kuliko kimo walichokuwa wakirukia. Kifaa kile cha zamani hakikuonyesha milima, kilionyesha mstari tu, na mstari ulikuwa ukiwapeleka huko. Akinyamaza, watagonga. Akisema, kiti alichokalia hatakikalia tena.

"Shangazi, dira haina kosa."

"Wewe unajua nini kuhusu dira?"

"Jana niligusa GPS. Kwenye namba za kiwanja cha zahanati. Nne niliifanya saba, nikahifadhi."

Shangazi alilaza ndege kushoto, akaipandisha, akashikilia mwelekeo mpya. Kisha akabonyeza kitufe kimoja cha GPS, ukafunguka ukurasa wa mwelekeo halisi wa ndege, ambao kosa la Kidole halikuugusa. Kifaa kilisema wanaelekea arobaini. Akatazama dira. Nayo ilisema arobaini. Upande wa kulia ukungu ulifunguka kidogo, ukaonekana ubavu wa mlima, karibu kiasi cha kuweza kuuona mti mmoja mmoja. Walipoipita milima, Shangazi aliitafuta njia yake ya kawaida kwa dira na kwa mashamba aliyoyajua, wakatua.

Walipokwisha kumkabidhi muuguzi maboksi ya chanjo, Shangazi alisahihisha namba, akaifuata karatasi ya safari mstari kwa mstari. Halafu akamwonyesha Kidole kiti cha nyuma. "Utakaa hapo mpaka nitakapolisahau jambo hili," alisema, "na mimi si msahaulifu."

Waliporudi, Shangazi alimpeleka moja kwa moja bandani.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umevunja nini tena?"

Kidole alieleza yote, wala hakuacha kusema kwamba alifurahi aliposikia mzee atafukuzwa. Wanafunzi waliacha kazi wakasikiliza. Shangazi akaongeza ya kwake, macho chini. "Nami nimekukosea. Namba ya kuithibitisha dira yako ilikuwa palepale kwenye kifaa, ni kubonyeza mara moja tu. Sikuitazama. Nilishaamua mkosaji ni nani, nikaona sina haja ya kuchunguza."

"Nimesikia," Fundi alimjibu, bila kumrahisishia. Kisha akamgeukia msichana. "Unanichukia?"

Kidole alimtazama Shangazi, lakini hakupata msaada. "Ndiyo, Fundi."

"Na ulijua ukisema utanyang'anywa kiti?"

"Nilijua."

"Basi nisikilize vizuri. Ulichofanya jana kingewaua watu wawili, na sitakwambia ni kosa dogo. Lakini kusema ukweli ili kumwokoa unayempenda, yeyote anaweza. Wewe umeusema ukamwokoa na mtu usiyempenda, tena ukijua utaumia. Huo ndio uaminifu. Ila umechelewa. Kosa la ndege husemwa magurudumu yakiwa bado chini. Kule juu, ukweli unaweza kufika wakati hakuna wa kuusikia." Akamgeukia Shangazi. "Na wewe, Rubani, Jumatatu njoo tuipime dira pamoja. Hasira zetu zisipande tena ndege hiyo, yangu wala yako."

"Nitakuja," Shangazi alisema.

Kidole hakumpenda Fundi siku ile, wala Jumamosi iliyofuata. Lakini tangu hapo, kila alipokosea jambo, alilisema mapema, na alianza na yule aliyemwogopa zaidi.