Kompyuta ya Chumba cha Juu

Haya yalimkuta shoga yangu Asila mwaka 2007, alipokuwa akifanya kazi katika hoteli moja ya Shangani. Asubuhi, meneja wake, Bwana Qais, alimwambia, "Programu mpya iingie kompyuta zote kabla ya magharibi. Ikibaki hata moja, kesho usije."

Kompyuta kubwa ya ofisi ya chini ndiyo iliyokuwa ikizipelekea nyingine programu. Zote zilipokea, isipokuwa ya chumba cha juu. Kila aliporudia, jibu lilikuwa lile lile: imeshindikana, kuna mtu anaitumia.

"Kaiamkie," Basma wa mapokezi akamcheka. "Labda inataka shikamoo."

Asila akapanda. Chumba kilikuwa kiza, na ndani vidole vilikuwa vikipiga chapa mbio mbio.

"Nani?" Asila akauliza.

Vikanyamaza. Akapapasa ukutani, akafungua dirisha. Hapakuwa na mtu. Waya wa umeme ulikuwa umezongwa juu ya kompyuta, haukuchomekwa popote.

Alishuka mbio hadi ofisini, Basma akamshika mkono. Kwenye kioo cha ile kubwa, kompyuta ya juu ilikuwa imeshapokea programu. Wote wawili wakasikia, juu ya vichwa vyao, lile dirisha likifungwa taratibu, na komeo likitiwa.