Gogo la Buchani

Haya yalimpata rafiki yetu, tuliyezoea kumwita Twiga, alipokuwa akisoma ng'ambo. Wikiendi moja alikaribishwa na familia yenye bucha nyuma ya nyumba. Asubuhi baba mwenyeji alimfundisha kazi: "Mwanangu, unaanza na miguu, unakata kwenye kiungo. Shingo huwa mwisho."

Mchana umeme ukakatika. Mama mwenyeji akamtuma, "Hebu kamwite baba yako, chakula kinapoa."

Bucha haikuwa na dirisha, na ndani kulikuwa na giza totoro. Shoka lilikuwa likipiga gogo, pwa! pwa! pwa!, na majimaji ya moto yakamrukia usoni.

"Baba, chakula tayari."

Shoka likanyamaza.

Akarudi, akamkuta baba mezani, anapuliza supu.

"Nilikuwa nimejilaza chumbani," baba alisema. "Mbona una damu usoni?"

Wakaenda wote na tochi. Hapakuwa na mtu wala mnyama. Juu ya gogo zilitandazwa nguo za Twiga, zile alizoanika asubuhi, zinachuruzika damu. Zilikuwa zimekatwa kila penye kiungo: magoti, nyonga, viwiko, mabega. Kola tu ndiyo ilikuwa haijaguswa.

Na shoka halikuwapo.