Jina Ambalo Wade Hakuliandika

"Mpelelezi anakuja kwenu saa tisa. Tafadhali Britta, usiseme kitu."

Ujumbe wa Wade uliingia saa nane na dakika arobaini, Britta Haugen akiwa jikoni kwa wazazi wake anamenya viazi. Aliusoma mara mbili, akaigeuza simu kifudifudi mezani.

"Nani huyo?" mama yake, Arlys, aliuliza bila kugeuka kutoka kwenye jiko.

"Wade."

"Anakuja kula?"

"Yuko kazini, mama."

Kazi ya Wade Tollefson ilikuwa kutengeneza umeme kwenye mashimo ambamo jeshi huhifadhi makombora ya nyuklia, kaskazini mwa mji wa Minot. Kazi hiyo hupewi bila kibali cha kukabidhiwa siri za serikali, na kibali nacho huchunguzwa upya kila baada ya miaka kadhaa. Unajaza fomu ndefu: umeishi wapi, na nani, una deni gani, una rafiki gani nje ya nchi. Halafu serikali inamtuma mtu agonge milango ya majirani, na ya wale uliowataja mwenyewe kuwa mashahidi wa tabia yako.

Shahidi wa kwanza aliyetajwa na Wade alikuwa Verlin Haugen, baba yake Britta. Na kweli, kwa heshima, kaunti nzima ilikuwa haina jina zito kuliko hilo. Verlin alikuwa mwenyekiti wa chama cha Republican pale, mzee wa kanisa la Kilutheri, na kila asubuhi sauti yake ilikuwa redioni, akiwaonya wakulima kuhusu mpaka wa kusini, wanasiasa wa Washington wasioweza kutunza siri, na wageni wanaonunua mashamba karibu na makombora. Nani angebishana na shahidi kama huyo?

Tatizo lilikuwa dogo tu. Kwenye fomu, Wade aliandika anaishi peke yake. Na Britta, ambaye wazazi wake walijua amepanga chumba kwa shoga yake Janelle, alikuwa anaishi kwa Wade tangu mwezi Machi.

Alijifungia kwenye chumba cha kuvulia buti, akapiga simu.

"Wade, kwa nini hukuniambia mapema?"

"Nimejua sasa hivi. Baba yako mwenyewe kamwambia bosi wangu. Sikiliza, usiingie sebuleni. Kaa jikoni."

"Na baba akiulizwa unaishi na nani?"

"Atasema peke yangu. Ndivyo anavyojua."

"Kwa hiyo unamtumia baba yangu aidanganye serikali."

"Mtu anayeamini anachosema hadanganyi."

"Wade."

"Britta, nilifanya hivyo kwa ajili yako. Ningeandika jina lako, yule mama mpelelezi angemuuliza baba yako, kikombe cha kahawa mkononi. Ungetaka ajue hivyo? Wewe ndiye uliyelia ukasema baba asijue."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomfunga mdomo. Alikuwa amelia, tena sana.

"Kibali kikitoka, nanunua pete wiki hiyohiyo," Wade alisema. "Vumilia leo tu. Nakupenda."

"Nami nakupenda," Britta alijibu.

Saa tisa kamili kengele ililia. Mpelelezi alikuwa mama wa makamo aitwaye Odessa Pruitt, mpole, mwenye daftari na buti zilizojaa theluji. Verlin alimpokea kama mgeni wa harusi.

"Karibu, karibu. Arlys, kahawa. Bi. Pruitt, umenisikia asubuhi?"

"Nilikusikia garini. Ile habari ya shamba."

"Maili kumi na mbili kutoka kwenye shimo la kombora. Kampuni ya kigeni inataka kujenga kinu cha mahindi. Mahindi gani hayo yanayohitaji minara mirefu namna ile? Halafu nikisema, vijana wa mjini wananiita mwoga."

"Mimi siruhusiwi kuwa na maoni, Bwana Haugen."

"Mimi ninayo ya kututosha wote wawili." Akacheka. "Lakini nitakwambia kitu. Simwogopi sana mtu wa mbali. Kikulacho ki nguoni mwako. Mtu wetu mwenye siri ana kamba shingoni, adui anatafuta tu ncha ya kuvuta."

Jikoni, Britta alisimama na birika la kahawa mkononi. Arlys alimtazama.

"Mbona umekuwa mweupe hivyo? Unaumwa?"

"Hapana, mama."

"Basi peleka kahawa, inapoa."

Hakwenda. Alisimama nyuma ya mlango, akasikiliza maswali yakipita moja baada ya jingine. Wade anakunywa? Bia mbili, siku ya mpira. Ana hasira? Akishindwa kuvua samaki. Ana ndugu nje ya nchi? Shangazi mmoja Norway, naye hampendi. Verlin alijibu kwa raha, kama mtu anayemsifu mwanawe.

"Na anaishi na nani?"

"Peke yake," alisema Verlin. "Kijana wa maadili. Anamchumbia binti yangu mwaka wa pili huu, na sijasikia jambo la aibu. Binti yangu anakaa kwa rafiki yake, kule mtaa wa kanisa."

Kalamu ya Bi. Pruitt ilisimama.

"Je, unamfahamu mpangaji wake?"

"Mpangaji gani?"

"Mwanamke. Ana gari dogo la bluu."

"Wade hana mpangaji."

Britta aliliona gari lake kupitia dirisha la jikoni, la bluu, limefunikwa theluji nusu. Mpangaji. Neno hilo halikutoka kwa jirani. Jirani yao, kibabu mpenda habari za watu, alikuwa akimsalimu "shemeji" tangu wiki ya kwanza. Lilitoka kwa mtu mmoja tu. Kwa hiyo Wade alikuwa amekwishahojiwa, akaulizwa habari yake, na akamkana. Miezi minane anafua sare zake. Mwezi Juni, Wade alipomzika mama yake, Britta ndiye aliyemshika mkono. Leo mpangaji.

Angeweza kunyamaza, na kila kitu kingepita: kibali, pete, harusi. Ila baba yake alikuwa ameweka jina lake mezani, jina alilolijenga miaka sitini, juu ya uongo ambao hakuujua.

Akasukuma mlango.

"Mpangaji ni mimi," alisema.

Verlin aligeuka polepole.

"Ila sijapanga chumba. Naishi na Wade tangu Machi, kama mke na mume. Baba hakujua. Anachokwambia ndicho nilichomwambia mimi."

Jikoni, Arlys alizima moto.

"Asante, binti," Bi. Pruitt alisema, akaandika. "Nitakuomba tuongee kidogo peke yetu baadaye."

"Atafungwa?" Britta aliuliza.

"Hilo haliamuliwi na mimi. Nikwambie tu jambo moja, maana naona umeogopa. Serikali haina habari na kitanda cha mtu. Wanaoishi na wachumba wao nawaandika kila wiki, jina, tarehe, basi, tunaendelea. Ingemchukua mstari mmoja."

Mstari mmoja. Britta aliketi.

Verlin alikuwa hajamwangalia bado. "Bi. Pruitt, nilichosema mwanzo, kifute."

"Sifuti, mzee. Naongeza."

"Basi ongeza kwamba nilidanganywa nyumbani kwangu."

"Bado nina swali moja. Unapendekeza Wade Tollefson akabidhiwe siri za taifa?"

Verlin alijifuta uso kwa kiganja.

"Yule kijana nampenda. Liandike hilo, nalo ni kweli." "Lakini kila asubuhi nasema mtu akiificha serikali jambo, asilinde makombora yake. Siwezi kuwa na mdomo mmoja wa redioni na mwingine wa sebuleni. Hapana. Simpendekezi."

Bi. Pruitt alipomaliza na kuondoka, baba na binti walibaki wamekaa, kila mmoja na kikombe kilichopoa.

"Nimekuaibisha kanisani," Britta alisema.

"Kanisani nitakaa benchi lilelile. Nisichokielewa ni kwa nini ulinificha."

"Ungesemaje, baba?"

"Ningekasirika."

"Umeona?"

"Ningekasirika, Britta. Nisingekufa." "Kila siku nawahubiria watu wasiogope kusema kweli, kumbe mwanangu mwenyewe ananiogopa mimi. Hilo ndilo linaloniuma, kama unataka kujua."

Britta alilia, safari hii mbele yake.

Wade alipiga saa kumi na moja.

"Umeniuza," alisema.

"Mpangaji, Wade?"

Wade akaanza habari ya kibali.

"Nimekuuliza. Mpangaji?"

"Alinibana. Nilishaandika naishi peke yangu, nikaona nikigeuza nitaonekana mwongo. Neno likatoka tu."

"Uliniambia unanificha kwa ajili yangu."

"Mwanzoni ilikuwa kwa ajili yako."

"Na mwisho?"

"Basi mpangaji amehama," Britta alisema, akakata.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Janelle alikwenda kuchukua nguo zake kwa Wade. Kesho yake zikaja habari kwamba Wade amenyang'anywa kitambulisho cha kuingilia kambi ya jeshi. Siku ya tatu mtu dukani alisema kudanganya kwenye fomu ile ni jela miaka mitano, na Britta akaacha mkate kwenye kaunta akatoka. Alikuwa na hasira naye, na alikuwa anamwogopea, yote mawili kwa pamoja, na hakuna lililompisha mwenzake. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani lilimpeleka dirishani.

Redioni msikilizaji mmoja alipiga kuuliza, "Verlin, vipi wiki hii? Umepoa mno."

"Nafikiri," alijibu Verlin. "Huwa inanichukua muda." Akaweka tangazo la mbolea.

Siku ya nne ulikuja ujumbe wa Wade: "Najua hutajibu. Kesho naenda kwa Bi. Pruitt mwenyewe. Hajaniita." Britta aliusoma mpaka maneno yakapoteza maana. Hakujibu.

Jumapili ya pili, baada ya ibada, gari la Wade liliingia uani. Alishuka bila kofia kwenye baridi ile, amekonda. Verlin alimfungulia mlango, akasimama kizingitini akaziba njia.

"Mzee Haugen."

"Wade."

"Nimekuja kuomba radhi. Nilikuandika shahidi huku nimekuficha jambo. Nilikutumia."

"Ulinitumia, ndiyo. Kibali?"

"Wamekiondoa. Hawatanishtaki, kwa sababu nilikwenda mwenyewe nikaandika yote. Lile la fomu na lile la mpangaji. Lakini kambini sirudi."

"Aliniuliza kama nakupendekeza. Nilisema hapana."

"Nilihisi."

"Akirudi kesho nitasema hapana tena."

"Ningekuwa wewe ningesema hivyohivyo, mzee. Sijaja kwa hilo."

Verlin akasogea pembeni. Britta alikuwa amesimama ndani, mikono ameikunja kifuani.

"Unafanya nini sasa?" aliuliza.

"Natengeneza matrekta kwa Lunde. Nimeanza Alhamisi."

"Na umekuja kunitafuta kwa sababu huna tena cha kupoteza?"

"Nilikwenda kwa Bi. Pruitt nikiwa bado nina cha kupoteza," Wade alisema taratibu. "Jumanne ile wangeweza kunirudisha, mwanasheria aliniambia nikae kimya. Nikaingia nikasema, yule si mpangaji, yule ndiye mwanamke ninayetaka kumwoa, nilimkana kwa woga. Nikamwomba aandike jina lako lote. Nikamtajia hata herufi, moja moja."

Arlys alifuta macho kwa ncha ya aproni, akajifanya anapanga vikombe.

"Sina pete," Wade aliendelea. "Nilisema nitaleta kibali kikitoka, nacho hakitatoka. Nakuuliza mikono mitupu, mbele ya baba yako na mama yako. Utaolewa na mimi?"

Britta alichelewa kujibu, mpaka Wade akainamisha kichwa. Alikuwa anajipima mwenyewe: kama ile hofu ya miezi minane, ya kutega sikio kila simu ya mama inapolia, bado imo ndani yake. Akaitafuta, hakuiona.

"Ndiyo," alisema. "Ila nyumbani kwako sirudi mpaka siku tutakayotoka kanisani. Mpaka hapo nalala hapa, kwenye kitanda changu cha utotoni, na gari langu liko uani kila mtu alione."

"Hata mwaka," alisema Wade.

Verlin aliuangalia ukuta, akauangalia mlango. Kisha akachukua kofia na koti, akasema anakwenda bandani kidogo kuwatazama ng'ombe. Ng'ombe walikuwa wameuzwa tangu masika. Hakuna aliyemkumbusha.