Moto wa Kumkaribisha Tokuji

Jioni hiyo nilikuwa na kazi moja tu: kuwasha moto mlangoni, mume wangu aione njia ya kurudi nyumbani.

Ilikuwa Obon, sikukuu ya wafu kurudi makwao, ya kwanza tangu Tokuji afariki. Nilishamtengenezea farasi wa tango mwenye miguu ya vijiti, ampande aje upesi. Nilimkumbuka mno, jamani. Nilitaka anikalie zile siku chache wanazopewa wafu, basi.

Lakini mvua ya alasiri ilikuwa imelowesha mabua ya kuwashia. Moto ukashika, ukazima. Ukashika, ukazima.

"Giza hilo, wifi," Mineko, dada yake marehemu, akanihimiza. "Kaka atajipitia kwa jirani, ubaki unalia!"

Nikaingia ndani na hasira zangu. Nyumba nzima ilikuwa majarida ya propaganda ya wakati wa vita. Tokuji aliyakusanya maisha yake yote, hata pa kutandika godoro tukakosa. Nikachana ukurasa mmoja: wanajeshi juu ya meli, wote wanacheka. Tokuji alizoea kusema waliamriwa kucheka, na meli ile haikurudi.

Nikautia kwenye mabua pale mlangoni, karatasi ikawaka mara moja.

Mineko akaziona zile nyuso zikijikunja motoni. Akanishika mkono.

"Fusae... umewashia nini?"

"Karatasi tu, wifi."

"Huu ni moto wa kuitia wafu," akanong'ona. "Umewaita hao."

Tukasikia viatu.

Vizito. Vingi. Vimejaa maji... chwa... chwa... Harufu ya chumvi na mafuta ya meli ikajaa mlangoni. Hatukumwona mtu. Ila mikeka ya ndani ilididimia, mmoja baada ya mwingine, na maji yakatapakaa hadi kwenye madhabahu ndogo ya kumkumbuka Tokuji.

Kisha wakacheka. Wote kwa pamoja, bila kuvuta pumzi.

Nyuma yetu, barabarani, mtu akakohoa. Kikohozi kile nilikiuguza mimi mwenyewe.

"Fusae... mbona kumejaa?"

"Ingia, mume wangu!" nililia. "Jibane hata jikoni!"

Nilipogeuka, barabara ilikuwa tupu.

Siku ya mwisho ya Obon niliwasha moto wa kuwaaga wafu, kwa mabua makavu. Wale wanajeshi hawakuondoka. Mineko anasema labda hawajui kwamba wamekufa. Mimi sijui. Mwaka umepita, na nawasikia hata jioni hii, wanacheka chumbani nilikolala na Tokuji.

Obon imefika tena. Majirani wote wamewasha mioto yao.

Mimi nimwite Tokuji aje akae wapi?